Cheti kilichochelewa, tarehe ya kustaafu: majibu kwa wasomaji

Majibu haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar kuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, wenye utaratibu wake.

Nina miaka 52, nilizaliwa nyumbani na sijawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Nianzie wapi? (Mkulima, Kasulu)

Anza na karatasi zilizoandikwa ukiwa mdogo. Kizazi hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Wewe umevuka hata miaka 10, kwa hiyo maombi yako hayaishii wilayani. Lazima yapate idhini ya Msajili Mkuu, aliyeko RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Huyo hakujui. Anachotaka kuona ni ushahidi uliokuwepo kabla hujaanza kuhitaji cheti: cheti cha ubatizo, cha darasa la saba, kadi ya kliniki ikiwa mama aliitunza. Ukienda parokiani kufunuliwa kitabu, angalia vizuri: siku ya kuzaliwa na siku ya kubatizwa huandikwa kila moja mahali pake, na wengi huondoka na ile ya ubatizo. Ongeza barua ya mtendaji na kitambulisho, kisha jaza maombi kwenye mfumo wa eRITA au nenda ofisi ya RITA ya wilaya wakusaidie.

Kama mama yu hai, kaa naye wiki hii. Akikwambia alikubeba mgongoni mlipohamishiwa kijiji cha ujamaa wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, una pa kulinganishia hizo karatasi. Kumbukumbu ya mzazi peke yake haitoshi, lakini itakuonyesha karatasi ipi imekosea.

Nilipoajiriwa ualimu nilijaza 1966. Mwaka jana nimepata cheti cha RITA kinachosema 1969. Afisa utumishi amekataa kubadilisha. Ana haki? (Mwalimu, Sengerema)

Ndiyo, mwalimu, na najua jibu hili linauma. Kwa mtumishi wa umma, tarehe uliyoijaza mwenyewe kwenye ajira ya kwanza ndiyo inayotumika kuhesabu miaka 55 ya kustaafu kwa hiari na 60 ya lazima. Cheti kilichopatikana miaka mingi baadaye hakiifuti, hata kama kimetolewa kihalali. Nauunga mkono msimamo huo. Kingeifuta, kila anayekaribia 60 angetafuta cheti cha kumwongezea miaka, huku vijana waliohitimu wakiendelea kusubiri nafasi.

Atakuja mtu kukuahidi kiapo cha tarehe ya nyuma au fomu mpya ndani ya jalada lako. Mkatae. Kughushi ni jinai, na uhakiki wa vyeti vya elimu mwaka 2017 uliwaondoa kazini watumishi zaidi ya 9,900. Muda uliobaki utumie kuhakikisha michango yako yote PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) imeingia na majina yanafanana kila mahali.

Fomu yangu ya ajira inasema 1986, lakini kwenye mfumo wa mishahara nasomeka 1968! (Muuguzi, Masasi)

Lako ni tofauti kabisa, dada, usikubali kuunganishwa na kesi ya mwalimu. Hapa hubadilishi tarehe. Unataka mfumo usome ulichojaza mwenyewe. Mwandikie mwajiri, ambatisha nakala ya fomu ya ajira ya kwanza, barua ya ajira na cheti cha kidato cha nne, naye ndiye wa kulipeleka Ofisi ya Rais, Utumishi. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Fanya sasa, maana kwa 1968 mfumo utakustaafisha ukiwa na miaka 42.

Mjukuu wangu ana miezi mitano, alizalishwa na mkunga wa jadi. Tumechelewa? (Bibi, Kilosa)

Shikamoo bibi. Siku 90 zimepita, lakini cheti bado anapata. Watoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa kwenye vituo vya tiba na ofisi za watendaji wa kata, na cheti chao cha kwanza hakilipiwi. Mama aende na kadi ya kliniki. Kabla hajaondoka dirishani, asome jina na tarehe herufi kwa herufi, na kosa likionekana lirekebishwe hapohapo.