Uliza Tukujibu: Kilwa kwa siku moja, inawezekana?

Swali: Shikamoo dada. Mi na mume wangu tumepata Jumamosi moja mwezi wa nane tunataka kumpeleka mama mkwe Kilwa, maana kila siku anaisikia redioni tu. Kuna jamaa anasema atatutoa Dar alfajiri, atuzungushe magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara na mji wa Kivinje, chakula juu yake, usiku tumerudi nyumbani. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tumpe hela au ni longolongo? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela ishike kwanza. Dar mpaka Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, hata mkitoka saa kumi alfajiri mtafika jua limeshapanda, bado kibali hamjachukua, bado boti, afu mgeuze siku hiyo hiyo na mama mwenye magoti? Huyo mama atakachokumbuka ni kiti cha gari. Nendeni Ijumaa mlale Masoko, Jumamosi nzima iwe ya Kisiwani peke yake, inatosha kabisa na itawazidi.

Huyo jamaa hajawaambia kitu kimoja, kwamba ratiba ya kule haipangi yeye, inapanga bahari. Kisiwani ni karibu tu, ukisimama Masoko unakiona, ila maji yakiwa yamekupwa boti inaweza kusimama mbali na nchi kavu mkashuka mkatembea ndani ya maji, na zile siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanakupwa mbali zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote muulizeni nahodha siku hiyo maji yanajaa saa ngapi, akibabaika tafuteni nahodha mwingine. Mwezi wa nane ni kusi pia, asubuhi bahari imetulia mchana upepo unachachamaa, kwa hiyo vukeni mapema na msingoje alasiri kurudi. Maboya ya kuvaa yawepo ya kila mtu na mama avae lake, hata kama nahodha anacheka.

Kibali mnachukua Masoko kabla ya kuvuka. Bebeni vitambulisho, kiingilio cha Mtanzania sio sawa na cha mgeni.

Na mwongozaji chukueni, tena wa palepale Kilwa, usije ukaona unabana matumizi ukamwacha. Bila mtu wa kukuelezea yale ni magofu tu, unapiga picha tatu unaanza kuulizia soda. Ukiwa naye anakusogeza mpaka kwenye ukuta unaona jiwe lenyewe ni tumbawe, vitundu vyake vimepangana kama sega la nyuki, yamekatwa yakashikwa na chokaa na mpaka leo yamesimama. Msikiti Mkuu sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11, ile ya kuba iliongezwa baadaye. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akamkuta Sultan Hasan bin Suleiman, na anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani anatoka kuswali, fakiri mmoja wa Yemen akamwomba nguo alizovaa. Nguo za mwilini! Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha, akampa. Hadithi kama hiyo ukiisikia umesimama palepale msikitini ina raha yake, mwambieni mwongozaji asiiruke.

Husuni Kubwa, jumba la sultani huyo huyo, liko juu ya mwamba linatazama bahari, lina vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane. Kutoka msikitini ni mwendo kidogo, mama akichoka apumzike Gereza, ile ngome waliyoianza Wareno 1505 Waomani wakaja kuijenga upya, nyie mkimbilie Husuni mrudi. Vigae vya vyombo vya Kichina mkiviona chini msitie mfukoni, ni kosa. Na pale wanaishi watu, tena Waislamu, kwa hiyo kaptula iacheni Dar, kanga mbili za mama zitawafaa wote.

Songo Mnara iacheni safari hii. Ni pazuri jamani, yote mawili yaliingia urithi wa dunia mwaka mmoja, 1981, ila ni mbali zaidi na kuna kupita majini kwenye mikoko, magoti ya mama hayataki hayo. Kivinje mpitie Jumapili mkirudi, mkaone boma la Mjerumani na sehemu inayoitwa Mwembe Kinyonga. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kivinje 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji.

Swali: Mwanangu wa form two anabisha kwamba hela za zamani za Kilwa zimeokotwa Australia. Ni kweli au ni mambo ya mitandao? (Baba Rehema, Lindi)

Jibu: Mtoto yuko sahihi, mlipe soda yake. Mwaka 1944, wakati wa vita, mwanajeshi mmoja wa Australia aliziokota visiwa vya Wessel kule kaskazini, sarafu tano za shaba za Kilwa pamoja na nne za Waholanzi. Zilifikaje huko, hapo wataalamu bado wanavutana.

Swali: Mwongozaji tumeshamlipa ofisini, bakshishi ya nini tena?

Jibu: Sio lazima. Ila kama kawazungusha juani nusu siku na kawasubiri wazee wenu bila kununa, mpeni kitu, na nahodha msimsahau. Mpe mkononi mwenyewe, sio kupitia kwa yule aliyewaletea boti.