Mweka hazina mpya: kuhesabu sadaka mbele ya mashahidi si kukosa imani

Bwana asifiwe, dada. Umesema umepewa uweka hazina katika kanisa la watu kama 120 huku Kayole, Nairobi, na ulipoomba fomu ya kuhesabia sadaka, mchungaji akasema huko ni kukosa imani, akakusomea 2 Wafalme 12:15: waliosimamia ukarabati wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Mstari upo. Lakini rudi hadi wa 9 na wa 10. Kasha lilitobolewa tundu kwenye kifuniko, likawekwa kando ya madhabahu, na lilipojaa walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu fedha na kuzifunga mifukoni. Wasimamizi walipokea fedha ambazo tayari zilikuwa na hesabu. Soma pia Ezra 8: fedha na dhahabu zilipimwa kabla ya safari mbele ya makuhani 12, zikapimwa tena Yerusalemu, na uzani ukaandikwa. Hakuna aliyemwambia Ezra kwamba anawashuku makuhani.

Sasa Jumapili yenyewe. Vikapu visiingie chumbani na mtu mmoja. Wahesabu wawe wawili au watatu, wasio wa nyumba moja (mume na mke hapa ni shahidi mmoja), na wabadilishwe kwa zamu. Wewe mweka hazina usihesabu, upokee. Kunjueni kila noti kwanza, maana noti ya 50 hujificha ndani ya noti nyingine iliyokunjwa. Kila mhesabu ajaze karatasi yake bila kumtajia mwenzake, kwa mfano: 1000 × 14, 500 × 22, 200 × 61, 100 × 143, 50 × 87, sarafu 2,315, jumla 58,165. Karatasi zikitofautiana, na tofauti ikawa inagawanyika kwa 9, tafuteni kwanza tarakimu zilizogeuzana: 4,350 ikiandikwa 4,530, tofauti ni 180. Bahasha ya fungu la kumi iliyoandikwa 1,000 ikitoka na 500, andikeni 500, wote watie saini juu ya bahasha, na mwenyewe aambiwe siku hiyohiyo. Mkinyamaza, mwisho wa mwaka atadai rekodi yake na mtaonekana wezi.

Kosa linaloharibu makanisa mengi madogo ni kulipa kutoka kikapuni: nauli ya mpiga kinanda, mafuta ya jenereta, chai ya mgeni, vyote kabla ya kuhesabu. Si wizi, lakini kile kinachotangazwa "sadaka ya leo" tayari ni uongo. Hesabuni yote, pelekeni yote benki Jumatatu, kisha lipeni kwa vocha (hati ya malipo). Kwa matumizi madogo toeni kiasi maalum benki, tuseme 5,000, kikae na mtu mmoja, na asiongezewe mpaka alete risiti za kile cha kwanza.

Sadaka ya simu isiingie kwenye laini ya mtu, hata ya mchungaji. Ikiwa laini hiyo ina deni la Fuliza (mkopo wa M-Pesa), pesa ya zaka ikigusa tu akaunti, deni hukatwa lenyewe, na mshirika atakuwa amelipa deni la mtu akidhani amemtolea Mungu. Mwenye laini akifariki, pesa inakuwa mali ya marehemu na kanisa linaanza kubembeleza familia. Fungueni paybill (namba ya kupokea malipo ya simu) kwa jina la kanisa, iliyounganishwa na akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili lazima watie. Pale pa namba ya akaunti mtoaji aandike ZAKA au UJENZI, na kila mwezi linganisha taarifa ya paybill na ya benki.

Hapa kwa harambee nakuomba usimame imara, kwa sababu hapa ndipo watu wanaoogopa kuiba hudanganya bila kushtuka. Mshereheshaji anatangaza "tumepata laki tatu!" na watu wanapiga makofi. Ukiangalia, taslimu ni 112,000, simu 46,000, na 142,000 ni ahadi. Katika Matendo 5, Anania na mkewe Safira hawakuhukumiwa kwa kubakiza sehemu ya bei ya shamba walilouza. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake na fedha zilikuwa chini ya uwezo wake. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Kwa hiyo tangaza namba tatu mbalimbali, na ahadi uzisome kama ahadi, kila moja na tarehe yake. Pesa ya ujenzi ikitakiwa kulipa kodi ya ukumbi, jambo hilo lirudishwe kwanza kwa waliotoa, waulizwe. Kusema "tutarudisha" kisha kunyamaza ni njia ileile ya Anania.

Na kama kuna mtu, hata mzee wa kanisa, "aliyekopa" 10,000 na sasa dhamiri inamsumbua, asizidumbukize kikapuni kimyakimya. Atakuwa ameharibu na hesabu ya Jumapili hiyo. Walawi 6 inataka arudishe kamili na aongeze sehemu ya tano, yaani 12,000. Aseme mbele ya wazee, iandikwe kama marejesho, apewe risiti.

Mchungaji akishikilia kwamba haya ni kukosa imani, msomee kwa upole 2 Wakorintho 8:20-21. Paulo hakushughulikia mchango peke yake: alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe, akiangalia lililo jema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mwambie pia kwamba kanisa lililosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama ya Kenya linatakiwa kuweka vitabu vya hesabu na kupeleka ripoti ya kila mwaka kwa Msajili, na jina la mweka hazina limo humo. Omba utaratibu huu kwa barua, weka nakala. Akikataa bado, achia kazi, lakini usitoke mikono mitupu. Andika orodha ya makabidhiano: salio la benki tarehe hiyo, salio la paybill, vitabu vya risiti kuanzia namba ipi hadi ipi, vocha ambazo hazijalipwa, funguo za kasha. Anayepokea ahesabu mbele yako na wazee wawili, watie saini nakala mbili, moja ubaki nayo wewe.