Galari siyo ghala: video zako zinakaa wapi kwenye simu

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi niko Kibaigwa, natumia Tecno ya GB 64 ina memori kadi pia. Desemba nilirekodi video za babu kijijini akipiga zeze na kutaja ukoo wetu, zilikuwa kama kumi na moja hivi. Juzi simu ikaandika storeji imejaa, kijana mmoja wa kibandani akaniwekea apu ya kusafisha simu, usiku nafungua galari video zote hamna. Babu tumemzika mwezi wa pili. Simu bado inasema imejaa. Kuna mtu kaniambia ipo apu ya kurudisha video, nilipie elfu kumi na tano. Hivi video za simu huwa zinakaa wapi hasa, na hiyo apu niinunue?

JIBU: Dada pole sana kwa msiba wa babu. Hiyo apu ya elfu kumi na tano usiinunue, na kama umeshaidaunlodi iache kama ilivyo, usiifungue, maliza kwanza kusoma hapa.

Umeandika sentensi moja fupi, "simu bado inasema imejaa", hiyo ndiyo imenipa moyo. Video ya kamera ya kawaida, ile ya 1080, inakula MB 100 na zaidi kwa dakika moja, sasa babu akipiga zeze dakika tano tano mara kumi na moja hapo ni GB 5 na ushee. Zingefutika kweli kweli ungeona nafasi imeachia. Haijaachia, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa mafaili yamo humo humo ndani ila galari haiyaoni, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa ambayo watu wanayachanganya kila siku iendayo kwa Mungu. Hapa kwangu Dodoma mjini haipiti wiki hajaja mtu macho yamevimba kwa kulia, ukikaa naye nusu saa video ziko palepale.

Galari haihifadhi kitu. Wewe uko Kibaigwa unayajua maghala ya mahindi, karani anakaa mlangoni na daftari, kila gunia linaloingia anaandika. Galari ni ile daftari. Simu inapita kwenye mafolda inaandika hapa kuna video, hapa kuna picha, halafu galari inasoma yale maandishi inakuonyesha. Daftari likichanika au karani akiambiwa folda hii usiandike, ukiuliza utaambiwa hakuna mahindi na huku magunia yamejaa mpaka darini. Mtu anaona galari tupu anasema "zimefutika", anaanza kuhangaika na maapu, na ile hangaika yenyewe ndiyo inayokuja kuziua video ambazo zilikuwa hai.

Sasa fanya hivi leo, taratibu. Kwanza zima simu uwashe, maana ikiwaka huwa inapitia mafaili upya na mara nyingine daftari linajirekebisha lenyewe. Bado hamna? Fungua apu ya mafaili, siyo galari, kama huna ya simu tumia Files ya Google ni ya bure, ingia storeji ya ndani tafuta folda inaitwa DCIM halafu ndani yake Camera, hapo ndipo kamera inapoweka video zake. Ukimaliza hapo rudi nyuma uangalie memori kadi nayo ina DCIM yake, kwa sababu kamera za hizi simu zina setingi ya kuchagua zihifadhi ndani au kwenye kadi na watu wengi hawajui hata wao walichagua nini, na kadi ikilegea kidogo tu kwenye kitobo chake video zote zilizomo zinapotea galari kwa mpigo.

Halafu washa ile setingi ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, itafute kwenye vidoti au vistari vitatu pale juu au kwenye setingi za apu ya mafaili. Hapa tulia uangalie vizuri. Kuanzia Android 11 video ikitupwa kwenye pipa la taka mara nyingi haiondoki mahali pake, inabadilishwa jina tu, inaanza na nukta na neno trashed halafu namba ndefu halafu jina lake la zamani. Inakaa hivyo siku 30 ndipo inaondoka kweli. Ukiziona za namna hiyo kaa kimya ushukuru, nenda kwenye galari sehemu ya zilizofutwa karibuni uzirudishe, au kama hazionekani huko badilisha jina, toa yale maandishi ya mbele ibaki VID na tarehe na mp4 mwishoni. Ukiona kuna faili inaitwa nomedia yenye nukta mbele ndani ya folda la video, hiyo ndiyo inayomwambia karani asiandike, ifute hiyo faili tu, usifute folda, halafu zima uwashe tena.

Na ile apu ya kusafisha USIITOE kwanza. Narudia kwa herufi kubwa kwa sababu ndiyo kosa la kwanza linalofanyika, mtu akikasirika anaifuta. Baadhi ya hizo apu zina pipa lao lenyewe au kabati lao la siri, zinahamishia video huko kwenye folda la hiyo apu, na ukiitoa apu folda lake linaondoka pamoja na kilichomo. Ifungue, tafuta pipa au sehemu ya vilivyofichwa, rudisha kilicho chako, hakikisha kinacheza, ndipo uitoe isionekane tena.

Kuna sehemu nyingine ambayo hakuna anayeikumbuka. Uliwahi kumtumia mtu yeyote hizo video WhatsApp? Shangazi, mdogo wako, grupu la ukoo? WhatsApp siku hizi inakaa ndani ya folda Android, halafu media, halafu com.whatsapp, unaendelea WhatsApp, Media, WhatsApp Video, na humo ndani kuna folda linaitwa Sent. Video ulizotuma mara nyingi zina nakala humo na galari haionyeshi kwa sababu folda hilo limefichwa makusudi. Nilishawahi kumtolea mwanafunzi wa chuo mahafali yake yote humo na yeye alikuwa ameshalipa watu wawili. Itakuwa imepungua ubora, WhatsApp inabana video, lakini sauti ya babu itasikika. Na waulize uliowatumia, simu zao nazo zina nakala.

Google Photos nayo iangalie, washa data kwanza. Kama bakapu (kutunza nakala mtandaoni) ilikuwa imewashwa na yule kijana akabonyeza sehemu ya kuongeza nafasi, video zinatolewa kwenye simu zinabaki Google, bila bando huzioni ukadhani zimekufa. Pipa la huko linatunza siku 60 kwa zile zilizokuwa na bakapu, siku 30 kwa zisizokuwa nayo, kwa hiyo usisubiri mpaka mwezi uishe ndiyo uanze kutafuta.

Sasa turudi kwenye apu ya kurudisha video, maana hili ndilo linaloniumiza. Simu zilizotoka na Android 10 kuendelea data yake yote imefungwa kwa ufunguo, faili ikifutwa kweli (siyo kuwekwa kwenye pipa, kufutwa kabisa) ufunguo wake unakwenda nayo, na memori ya ndani yenyewe inasafisha zile sehemu ili iandike vitu vingine. Hakuna apu ya Play Store wala ya kutumiwa kwa Bluetooth inayoweza kuingia huko ikakutolea video iliyokwisha, haipo, na anayekuambia ipo ama hajui ama anakuibia. Zinachofanya hizo apu ni kukusanya vile vipicha vidogo vidogo vilivyobaki kwenye kache (hifadhi ya muda ya simu) na mafaili ambayo hayakufutwa kabisa, zinakuonyesha vimefifia, unaona uso wa babu roho inaruka, hapo ndipo zinaandika lipia uone kamili. Unalipa, unapewa kipicha saizi ya kidole gumba. Au unapewa video ambayo ilikuwa imekaa DCIM muda wote na ungeifungua bure. Na wakati huo huo umeipa ruhusa ya kusoma picha zako zote na mafaili yako yote, na kwa kuidaunlodi umeandika mafaili mapya kwenye simu ambayo tayari imejaa.

Tofauti ipo kwenye memori kadi, hiyo nikiri. Kadi ya kawaida haijafungwa kwa ufunguo, kama video zilikuwa humo na zimefutwa, itoe kadi sasa hivi usirekodi wala usihamishie kitu, peleka kwa mtu mwenye kompyuta aendeshe PhotoRec, ni programu ya bure kabisa, na kinachopatikana kihifadhiwe kwenye kompyuta, kisirudishwe kwenye kadi hiyo hiyo. Majina yatapotea na huenda zisirudi zote. Ila kama simu yako ilikuwa imeiunganisha kadi kama storeji ya ndani, usiichomoe, hiyo nayo ina ufunguo na haisomeki nje ya simu hiyo.

Na wale wanaosema "tuiflashi simu video zitarudi", jamani. Kuflashi ni kuiandikia simu mfumo upya, ni kufyeka. Ni sawa na kuchoma ghala ili daftari lipatikane. Mama mmoja wa Bahi alikuja na simu iliyoflashiwa na mtu huko stendi, alikuwa anatafuta video ya mwanae, nikamuuliza aliyeflashi alikuambia nini, akasema aliniambia simu ina virusi. Sikuwa na la kumsaidia. Ilibidi nimwambie ukweli pale pale na sitaki tena kuwa kwenye hali ile.

Hao wa kuweka apu za kusafisha nao nimechoka nao. Tangazo linatokea katikati ya kitu unachoangalia, simu yako imejaa taka, rangi nyekundu, mtu anaogopa anabonyeza. Android inajipangia memori yake yenyewe, haihitaji mfagizi wa kutoka nje, kikijaa kitu ni video zako, stetasi za watu na mafaili ya magrupu, na hayo unatakiwa uyaone kwa macho yako mwenyewe uamue lipi liondoke. Ukiingia Files ukapanga kuanzia kubwa kwenda dogo dakika kumi tu umeshapata GB kadhaa bila kumpa mtu yeyote simu.

Na kumpa mtu simu ni habari nyingine. Watu wanakuja wanaacha simu kwa fundi haijafungwa, namba ya siri ya simu imeandikwa kwenye kikaratasi kimebandikwa kwenye kava, humo ndani kuna laini yenye hela, kuna picha za familia. Kaa pale pale wakati inatengenezwa. Fundi akisema nenda urudi jioni kwa kazi ya kutafuta video, muulize kwa nini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zinakulinda, lakini video ikishanakiliwa imeshanakiliwa.

Halafu jimeili. Huku kwetu simu mpya inafunguliwa dukani, kijana anakutengenezea jimeili haraka haraka kwa jina lolote, hakupi neno la siri au anatumia lile lile kwa wateja wote, miaka miwili baadaye bakapu yako yote iko kwenye akaunti ambayo wewe mwenyewe huwezi kuingia na yeye anaweza. Nenda setingi, angalia akaunti iliyopo ni ya nani, badilisha neno la siri leo, weka namba yako ya simu.

Ukifuata nilivyosema usipoona kitu, njoo na simu ikiwa kama ilivyo, bila kuongeza apu wala kupunguza. Ukizipata, usikimbilie kununua memori kadi ya barabarani imeandikwa GB 512 kwa elfu kumi, nyingi ya hizo ndani ni GB chache tu zimedanganywa zionyeshe nyingi, zinapokea video zako zote bila kulalamika halafu zikijaa kimoyomoyo zinaanza kuandika juu ya zile za mwanzo. Weka nakala moja Google ukiwa na bando zuri, GB 15 ni bure na za babu zinaingia na nafasi inabaki kama hujaijaza na vitu vingine, nyingine weka kwenye kompyuta ya mtu wa ukoo unayemwamini. Na kila nakala uifungue uicheze mpaka zeze linyamaze ndipo uguse ile ya kwenye simu.