Hiyo imeji usiisukume: rm haijaitoa .env

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza imeji yako ya Docker (kifurushi cha programu na mahitaji yake) uijenge juu ya Alpine au Debian, mifumo miwili ya Linux, na kontena (imeji ikishawashwa) ziamkeje zenyewe seva ikiwashwa, lakini kilichonishtua kwenye Dockerfile yako, faili ya maagizo ya kujenga imeji, ni mistari miwili: `COPY . .` inayonakili folda yote, halafu chini yake `RUN rm .env` inayofuta faili yenye siri zako. Nenosiri la hifadhidata bado limo ndani ya imeji.

Kila COPY na kila RUN huandika tabaka lake la imeji (faili zilizobadilika hatua hiyo), na tabaka likishaandikwa haliguswi tena. Hiyo rm inaweka juu yake tabaka jingine lenye faili tupu, `.wh..env`, alama ya kuificha ile ya chini. Ukiingia kwenye kontena na kupiga ls huioni, unaridhika. Sasa jaribu `docker save app:1.0 -o app.tar`, kisha ifungue. Ndani yake kila tabaka ni tar nyingine. Fungua lile la COPY uone `.env` yako imekaa nzima. Yeyote anayeweza kuvuta imeji anaweza kufanya hivyo, na registry:2, rejista ya kuhifadhi imeji, ukiiwasha bila kuiwekea nywila, haimuulizi mtu kitu pale poti 5000.

Wanaoniudhi ni hawa walimu wa video wanaoandika rm wakisema "tunasafisha". Wanafundisha watu kufukia mzoga huku mkia uko nje! Wengine watakwambia utumie ARG, yaani thamani inayopewa wakati wa kujenga. Piga `docker history --no-trunc` uone thamani yake ilivyoanikwa kwenye mistari ya RUN.

Siri isiingie kwenye imeji kabisa, hata kwa sekunde. Andika `.env` na `.git` kwenye `.dockerignore`, orodha ya faili ambazo COPY haitazigusa (Docker haisomi `.gitignore`, wengi hunasa hapo). Kama kujenga kwenyewe kunahitaji tokeni ya npm (ya kupakua vifurushi vya JavaScript):

`RUN --mount=type=secret,id=npmrc,target=/root/.npmrc npm ci`

`docker build --secret id=npmrc,src=$HOME/.npmrc .`

Faili inaonekana kwa amri hiyo moja tu, haibaki kwenye tabaka. Nenosiri la hifadhidata lipe kontena wakati wa kuiwasha, kwa `secrets:` ya Docker Compose (chombo cha kuwasha kontena), na programu ilisome kutoka `/run/secrets`. Angalia ruhusa: faili ya root yenye chmod 600 (mwenye faili tu ndiye anayeisoma) haisomeki kama programu inaendeshwa na mtumiaji mwingine.

Na kama ulishaisukuma kwenye rejista, badilisha nenosiri kwanza, leo hii. Kufuta tagi (jina la toleo, kama `1.0`) hakusaidii. Tabaka linabaki kwenye diski ya rejista mpaka uendeshe `garbage-collect`, amri yake ya kufagia, na aliyekwisha kuivuta anayo nakala yake. Ya Alpine na Debian tutaongea ukirudi na nenosiri jipya.