Mkate Usiolala

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni mkate gani au kitafunio gani cha zamani kilichobaki mtaani kwetu, na nini kimekiponyesha. Nabashiri mtapokea majibu mengi ya kusema kimeponyeshwa na mapenzi ya watu kwa mila zao. Mimi hilo silikubali. Vingi tulivipenda na vimekwenda zake. Tuliipenda Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani pale Mji Mkongwe, tukajisifia nayo kwa kila mgeni, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka mchana kweupe. Tanuri la mikate nililokua nalo, ambalo sijapata kumwona mtalii akilipiga picha, bado linawaka.

Basi jibu langu ni boflo la Unguja mjini. Kwa wa bara na wa Nairobi ambao hawajalionja: ni mkate wa ngano, mrefu wa wastani, wenye ganda kavu linalovunjika ukilibonyeza, na ndani pamba tupu. Unga, maji, hamira, chumvi, sukari ya kuonjea. Siagi utapaka mwenyewe ukitaka, na wengi wetu hatujishughulishi nayo. Tunalichovya kwenye chai ya tangawizi au kwenye maharage ya nazi, na ukiwepo mchuzi wa pweza uliobaki jana usiku, hapo msinisemeshe.

Nimezaliwa Malindi ya Unguja mwaka 1971, na tanuri lilikuwa uchochoro wa pili kutoka kwetu. Mwenyewe alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa asili ya Yemen, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, tukimwita Ami. Saa nane usiku aliwasha kuni ndani ya tanuri lenyewe, si chini yake. Hapo ndipo wasiojua hukosea, wakadhani ni moto unaochoma boflo. Moto unachoma matofali. Matofali yakishashiba, makaa yanakokotwa nje, sakafu inapanguswa kwa gunia lililoroweshwa maji, na joto lililojificha ukutani ndilo linaloivisha. Ami hakuwa na kipimo chochote. Alirusha konzi ya unga sakafuni akatazama: ukiungua mweusi papo hapo, alikaa akavuta sigara yake, ukigeuka kahawia taratibu, alichukua ubao wake mrefu mfano wa kasia na kuanza kuingiza, yale ya nyuma kwanza. Sisi watoto tulitumwa na vikapu kukiwa bado kiza. "Ami, yametoka?" "Bado, kaa." Ule mlango wa tanuri ulikuwa na joto tamu, na miezi ya Juni na Julai, upepo wa kusi unapovuma, hapakuwa na mtoto aliyelalamika kuambiwa akae.

Wanaume wakitoka kusali alfajiri walipitia pale. Vijana wa baiskeli walikuwa wameshafunga matenga yao nyuma, wakaondoka na mikate ya Kikwajuni, Jang'ombe na Ng'ambo yote.

Sasa nisikilizeni. Boflo ukilila saa moja asubuhi ni starehe. Ukilila saa nane mchana ni subira. Ukilala nalo, kesho yake unaweza kumfukuzia paka. Kwetu tunasema mkate "umelala", na ukimwekea mgeni mkate uliolala umemweleza unavyomwona. Sasa tazameni mkate wa kiwandani, ule wa slesi ndani ya nailoni. Huo unakaa siku kadhaa laini vilevile, kwa hiyo unaweza kuokwa mbali, ukapakiwa garini, ukapangwa dukani na kumngoja mteja. Boflo halimngoji mtu. Na kwa sababu halingoji, kiwanda cha mbali hakiwezi kuliuza kwetu hata kikitaka. Lazima liokwe usiku uleule, hatua chache kutoka kwenye kinywa kitakacholila. Mila hazikumwokoa Ami. Kilichomwokoa ni ugumu wa boflo la jana.

(Tena la jana hatutupi. Bibi yangu alilikata mapande, akayachovya kwenye yai lililopigwa na sukari na iliki, akayakaanga kwa samli. Nilikuwa naficha boflo makusudi lilale, nile hayo.)

Kuna nyakati hata kasoro hiyo haikusaidia kitu. Ngano hailimwi visiwani kwetu, inakuja kwa meli, na meli isipokuja tanuri ni rundo la matofali tu. Mama husimulia mwanzo wa miaka ya 1970, mchele na unga na sukari kwa mgao. Mimi naikumbuka ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchi nzima. Tunaamshwa usiku kupanga foleni, na aliyechoka anaacha kikapu au tofali limshikie nafasi. Tofali langu liliwahi kurudishwa nyuma nafasi sita na mtu ambaye mpaka leo namjua na mpaka leo anakana. Usiku mwingine tulirudi bure, tukanywa chai na muhogo wa kuchemsha. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar mwaka 1984 na biashara ikaanza kufunguliwa, unga ukarejea, na kwa Ami moshi ukawa wa kila usiku tena. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, Februari ile, na bei ya ngano duniani ikapaa, boflo lilikonda kwanza, bei ikalifuata nyuma. Muulize mla boflo yeyote wa Mjini, atakuonyesha kwa mikono yake miwili lilivyokuwa, na kila mwaka mikono inazidi kutanuka.

Naomba nitoke kwenye boflo kidogo niende kwa mkate wa ufuta, maana nao unanithibitishia ninayoyasema. Huu haukandwi ukawa mgumu. Unga wa ngano unachanganywa na tui zito, hamira na chumvi, wengine huongeza yai, mpaka uwe rojo la kunata linalovutika. Ukishaumuka unachota kwa mkono uliolowa maji, unautandaza kwenye kikaango kikavu kilichopata moto, unanyunyiza ufuta juu. Chini kukishashika, unakipindua kikaango chote kichwa chini, mkate ukayaelekea makaa. Unaning'inia hapo, ukivimba na kupata madoa ya kahawia, mpaka unausikia ufuta unanukia. Kisha unaubandua kwa kisu.

Miaka mitatu iliyopita binti yangu aliniletea zawadi ya kikaango cha kisasa, cheusi kinachong'aa, kile ambacho chakula hakigandi. Nilikuwa hapa Ilala ninakoishi, Ramadhani kumi la kwanza, wageni wanane wanakuja kufuturu. Nikatandaza, nikanyunyiza, nikapindua. Mkate wote ukaachia, ukaanguka kwenye makaa kifudifudi, ufuta ukaanza kualika kama fataki. Mume wangu akatoka mbio kuuliza kuna nini. Nilirudia mara mbili kabla akili haijanijia. Kikaango kile sifa yake moja ni kutoshika kitu, na mkate huu sharti lake moja ni kushika. Nikaenda kuazima cha jirani, kizee, kimepinda, kimeungua nje na ndani, tukafuturu. Cha binti yangu nakaangia mayai, na nimemwambia nakipenda sana.

Mkate huo nao hautaki kungoja. Ukipoa unakuwa kama ngozi ya viatu. Ndiyo maana hamtaukuta umepangwa madukani. Mtaukuta alasiri za Ramadhani barazani, mwanamke amekaa na majiko yake mawili matatu, foleni mbele yake. Wanawake hao hawana kibao wala duka, na ukiorodhesha matanuri na viwanda vya mikate vya mji hutawaandika. Lakini mwezi ule mmoja ndio unaolipa ada za shule za watoto wao. Nawajua wawili ambao wamejengea nyumba ufuta.

Mkate wa mayai ni habari ndefu na nitaikata. Mayai na sukari vinapigwa mpaka mkono ufe ganzi, kwa sababu kinachouinua ni upepo ulioingizwa kwenye mayai, si hamira. Kisha unga kidogo, iliki, na sufuria inapaliwa: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Bibi akiupika hakuna aliyeruhusiwa kukimbia ndani ya nyumba, eti mkate utashtuka na kukaa chini. Siku hizi karibu wote tunautia kwenye oveni ya umeme, na nitasema jambo litakalowaudhi wakubwa zangu: wa oveni ni mzuri vilevile. Sioni sababu ya mtu kujiunguza nyusi kwa ajili ya kumbukumbu.

Nina binamu Maskati. Familia yake ni katika wale waliokwenda Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi yetu, na amezaliwa hukohuko akisema Kiswahili cha mama yake. Mezani kwake Ramadhani utakuta mandazi, vitumbua, mkate wa kumimina wa unga wa mchele uliorowekwa na kusagwa na nazi, na kaimati zinazong'aa shira. Hivyo vyote vilisafiri kwa sababu vinakaa kwenye mikono ya mtu mmoja na sufuria moja. Lakini anapokuja Unguja, kitu cha kwanza anachouliza akiteremka ni boflo. Kule mikate ya kila namna imejaa, anasema, ila hajalipata hilo. Haliwezi kubebwa begani; linataka matofali yaliyozoea moto, na mtaa wa watu wanaoamka alfajiri kulifuata.

Nisije nikaonekana napiga debe tu. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo majumba mengi yamegeuka hoteli; waliokuwa wakituma watoto na vikapu wamehamia Mwanakwerekwe na zaidi. Mlo wa asubuhi wa hotelini una mkate wa slesi na kibaniko chake. Na kuna suala la kuni. Mwaka 2024 Serikali ya Muungano ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nasikia watu wakilalamika kwamba boflo la gesi halitakuwa boflo. Wanaolalamika hivyo hawakukaa karibu na Ami. Miaka yake ya mwisho tulikuwa tunajua yupo kwa kikohozi chake, tunamsikia kabla hatujapinda kona. Ikiwa matofali yanaweza kushibishwa kwa gesi, yashibishwe. Ganda linatokana na sakafu ya moto, na ladha ya moshi wanayoililia nadhani wameisikia kwa masimulizi zaidi kuliko kwa ulimi.

Tanuri sasa liko kwa mjukuu wake, kijana wa miaka thelathini na kitu, ana mashine ya kukandia unga na simu inayolia kila dakika. Nilivuka mwezi wa jana kwenda kumwona mama, nikaenda pale alfajiri mwenyewe, kikapu mkononi kama zamani. Nilimkuta akihesabu maboflo ya kijana wa bodaboda. Matenga ya baiskeli yamebaki mawili. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuwatungia barua hii kichwani, kwa nini hayatii kwenye mifuko yake mwenyewe yenye jina, akauza kwenye maduka makubwa, hata akayavusha Dar.

"Nilijaribu, Shangazi," akasema. "Ukilifunga linatoka jasho. Ganda linalegea, mtu akilishika anadhani la jana."

Nikataka kumweleza yote haya niliyowaandikia ninyi, juu ya kasoro na kungoja na viwanda. Alikuwa ameshanyoosha mkono na kipande cha gazeti.

"Unataka mangapi? Wenzio wapo nyuma yako."

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam