Panya ameshiba au anaumwa?

Karibu, wewe unayeanza kutengeneza dawa za unene kutokana na homoni za utumbo. Mwaka wangu wa kwanza niliipenda mno peptidi moja (mnyororo mfupi wa asidi amino) kwa sababu iliamsha kipokezi chake vizuri kuliko zote kwenye seli. Tukawadunga panya, wakala kama kawaida. Peptidi ilikuwa imeshakatwa kwenye damu kabla ya kufanya kazi.

Ningeanza na muda. GLP-1, homoni ambayo utumbo huitoa tukila, hupungua kwa nusu ndani ya dakika 2 hivi. Kimeng'enya kiitwacho DPP-4 hunyofoa asidi amino 2 za mwanzo, na kinachobaki karibu hakiamshi kitu. Semaglutidi, dawa ya unene inayoiga GLP-1, ilibadilishwa mahali palepale kimeng'enya kinapokata, kisha ikatiwa mkia wa asidi ya mafuta unaoshikamana na albumini, protini ya damu. Ndiyo maana sindano 1 inatosha kwa wiki nzima. Mkia huohuo utakuchanganya: ukipima kwenye seli zilizowekewa albumini nyingi, peptidi nzuri itaonekana dhaifu. Kabla hujaitupa, uliza mlo wa seli ulikuwa na nini. Na ukichukua damu kupima GLP-1 halisi, weka kizuizi cha DPP-4 kwenye chupa tangu mwanzo, na chupa ikae kwenye barafu.

Sasa jambo ninalokuomba ulishike kwa mikono miwili. Panya hawatapiki. Dawa ikimtia panya kichefuchefu, utaona tu kwamba amekula kidogo na amepungua uzito, na grafu yako itapendeza sana. Basi mtazame mnyama mwenyewe. Je, amejikunyata pembeni? Panya wa aina kubwa (rat) wanaojisikia vibaya hula udongo wa kaolini, kwa hiyo waachie udongo huo kizimbani na uupime kila siku. Hata mkono mgeni na sindano peke yake hupunguza ulaji. Wazoeshe kwa kuwadunga maji ya chumvi siku kadhaa kabla ya jaribio. Weka pia kundi lisilopewa dawa lakini linalopewa chakula kidogo sawasawa na kile kilicholiwa na wenye dawa. Bila kundi hilo hutajua kama dawa inafanya zaidi ya kupunguza ulaji.

Nasisitiza hili kwa sababu ya wagonjwa. Katika jaribio la semaglutidi lililochapishwa 2021, watu walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito katika wiki 68, lakini dozi ilipandishwa polepole kwa wiki 16, kutoka miligramu 0.25 hadi 2.4, ili tumbo lizoee. Waliofuatiliwa baada ya kuacha dawa walirudisha takriban theluthi 2 ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka. Mtu anayeshindwa kuvumilia kichefuchefu ataacha.

Kwa hiyo kwenye daftari lako, kando ya safu ya uzito, chora safu ya tabia, na uijaze kabla hujasoma mizani.