Maswali ya Wasomaji: Hadithi kama Kazi ya Nyumbani katika Somo la Kifaransa

SWALI: Ninafundisha Kifaransa kidato cha pili katika shule ya kutwa mkoani Morogoro. Kwa kuwa nilichoshwa na mazoezi ya vitenzi ambayo wanafunzi hunakiliana asubuhi kabla ya kengele, muhula huu niliwaagiza watunge hadithi nyumbani. Nilicholetewa ni kurasa zilizopitishwa kwenye simu za wazazi, zimejaa «il fut» na «elle vit», maumbo ya wakati uliopita wa vitabuni ambayo sijawahi kuyafundisha. Je, niachane na hadithi?
*Mwalimu wa Kifaransa, Morogoro*

JIBU: Mwalimu mwenzangu, usiachane na hadithi, achana na agizo la kutunga. Mwanafunzi ambaye msamiati wake wa Kifaransa unaishia kwenye familia, soko na saa hana njia ya kutunga ngano kwa lugha hiyo isipokuwa aifikirie kwa Kiswahili kisha aikabidhi simu, nayo simu ikikutana na ngano humrudishia lugha ya vitabuni. Hadithi ianzie darasani, kinywani mwako, ili mwanafunzi aende nyumbani na kitu alichokwisha kukisikia na kukielewa.

Chukua ngano wanayoifahamu, kwa mfano ile ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame, Sungura akakataa kuchimba, kisha akawa anakuja kwa hila kunywa maji hadi Kobe alipomnasa. Isimulie kwa sentensi kumi hivi, ukiigiza kwa mikono, na ukisita kila baada ya sentensi mbili kuuliza maswali ya kujibiwa kwa neno moja: nani anachimba, nani amelala, nani amejificha majini? Utaratibu huu wa kusimulia na kuuliza uliasisiwa na Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania huko California, mnamo miaka ya 1990, akiendeleza mbinu ya James Asher ya kufundisha lugha kwa vitendo vya mwili, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya ubao na chaki.

Faida kubwa ya ngano kwa wanafunzi wetu imo katika nyakati za vitenzi. Kitu kinachowasumbua kuliko vyote, yaani lini watumie «imparfait» (wakati uliopita wa hali iliyokuwa ikiendelea) na lini «passé composé» (wakati uliopita wa tukio lililokamilika), tayari wanakifanya kila wanaposimulia kwa Kiswahili. Andika ubaoni: «Kobe alikuwa akisubiri majini; Sungura akafika, akanywa, Kobe akamkamata.» Chini yake andika: «La tortue attendait dans l'eau, le lièvre est arrivé, il a bu, la tortue l'a attrapé.» Waoneshe kwamba «alikuwa akisubiri» ndiyo hali iliyokuwapo, na ndiyo inayoomba «imparfait», ilhali zile «-ka-» zinazofuatana ndizo matukio yanayosukuma hadithi mbele, nazo zinaomba «passé composé». Ulinganifu huu haufui dafu kila mahali, lakini kwa kidato cha pili unatosha, na mimi ningeutanguliza kabla ya jedwali lolote la kanuni.

Kazi ya nyumbani ya siku ya kwanza iwe kuchora hadithi katika visanduku sita bila kuandika neno hata moja. Kesho yake kila mwanafunzi amsimulie jirani yake wa dawati kwa Kifaransa huku akitazama michoro yake tu. Hapo simu haina la kumsaidia, na aliyenakili michoro ya mwenzake bado atalazimika kufungua kinywa. Siku ya pili Sungura aondolewe na nafasi yake ichukuliwe na Swala, ambaye kwa Kifaransa ni wa kike, sentensi sita ziandikwe upya: «la gazelle est arrivée, elle a bu, la tortue l'a attrapée». Mabadiliko ya mhusika mmoja yanamlazimisha mwanafunzi kugusa kiwakilishi na vitenzi, jambo muhimu kwa mzungumzaji wa Kiswahili ambaye «a-» yake haibagui mume na mke. Mara ya tatu Kobe mwenyewe asimulie: «J'attendais dans l'eau…», yaani «Nilikuwa nikisubiri majini…»

Katika kusahihisha, chagua jambo moja kwa kila hadithi, tuseme nyakati za vitenzi, mengine uyaache yapite, hata kama alama za juu ya herufi, kama ile ya «é», zimekosewa. Vinginevyo madaftari ya darasa zima yatakukesha na mwanafunzi ataona wino mwekundu tu. Ukihitaji matini za ziada, sungura si mgeni katika Kifaransa cha Afrika: Léopold Sédar Senghor na Abdoulaye Sadji walichapisha mwaka 1953 kitabu cha kusomea shuleni ambacho mhusika wake mkuu ni Leuk, sungura wa ngano za Senegali.

SWALI: Mwanangu ameanza kupewa kazi za namna hii, nami sijui Kifaransa hata kidogo. Nimsaidieje?
*Mzazi, Tanga*

JIBU: Mzazi wangu, mwambie akusimulie kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa akionesha kwa kidole mchoro anaouzungumzia. Ukiona amekwama kwenye mchoro fulani, mwekee alama ili akamuulize mwalimu, usimtafutie jibu kwenye simu. Matamshi muachie mwalimu. Wapo wanaowashauri wazazi wawafungulie watoto redio ya Kifaransa, lakini kwa anayeanza taarifa ya habari ni mapema mno.

SWALI: Ninajiandaa kwa mtihani wa DELF A2, yaani ngazi ya pili ya cheti cha kimataifa cha Kifaransa. Je, hizi ngano za wanyama zitanisaidia, au ni mambo ya watoto?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Arusha*

JIBU: Zitakusaidia kwa sehemu. Katika uandishi wa A2 mtahiniwa hutakiwa, pamoja na mambo mengine, kueleza tukio au jambo lililompata, kwa maneno yasiyopungua 60, na mchanganyiko wa nyakati ni uleule wa Kobe na Sungura. Ila mtihani hautakuuliza habari za kisima. Ukishaimudu ngano, hamia kwenye safari ya kijijini au harusi uliyohudhuria, andika kwa «je» (mimi), anza na hali ya hewa na watu waliokuwapo kwa «imparfait», kisha ingiza matukio kwa «d'abord» (kwanza), «ensuite» (kisha) na «enfin» (mwishowe), na uhesabu maneno kabla ya kumkabidhi mwalimu wako.